Gari Hili Lilikufa kwa Nini?

Wengi wanaoingia yadi ya magari chakavu wanafuata vitu vizito: injini, gia boksi, mlango mzima, bampa la mbele. Mimi huingia na orodha ya vitu vinavyotosha mfukoni. Kifuniko cha tangi la maji ya wipa. Klipu za kava la mlango. Relei moja, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme. Soketi ya taa ikiwa na waya zake. Kile kindoano kinachoshika kizuia jua kisining'inie mbele ya macho ya dereva. Vitu ambavyo ukimwulizia muuza spea mpya anakuangalia kwa huruma, halafu anakujibu kwamba hicho hakiuzwi peke yake, nunua kizima.

Na wala hakudanganyi. Kiwanda cha magari hakitengenezi kila kitu chenyewe. Taa inaletwa ikiwa imekamilika kutoka kwa kampuni nyingine, inapewa namba moja kwenye katalogi, basi. Kile kisikio cha plastiki kinachoishikiza taa kwenye bodi hakina namba yake, na kisichokuwa na namba hakiagiziki wala hakipangwi rafuni. Kitufe cha swichi kikivunjika unauziwa swichi yote. Kitasa cha kisanduku cha dashibodi kikikatika unauziwa kisanduku. Kuna magari ambayo kioo cha saidi mira kikipasuka unaambiwa ununue saidi mira nzima na mota yake ndani. Yadi ndiyo karibu mahali pekee ambapo kipande kinaruhusiwa kuachana na kizima chake, na ndiyo maana huwa nawashangaa wanaokanyaga klipu zilizomwagika chini wakikimbilia injini.

Kitu kidogo kina shida yake, hata hivyo. Injini utaiwasha, au angalau utaizungusha kwa spana uone kama imekwama. Relei huwezi kuijua kwa macho. Soketi ya taa inaweza kung'aa nje na kuwa imeoza ndani. Kwa hiyo kabla sijauliza bei ya chochote, namwuliza mwenye yadi, au nalisoma gari lenyewe: hili lilikufa kwa nini?

Jibu la swali hilo linaamua karibu kila kitu kinachofuata. Gari lililogongwa mbele lilikuwa linatembea vizuri mpaka dakika ile ya ajali. Kila kilichoko nyuma ya viti vya mbele kilikuwa kinafanya kazi asubuhi yake: swichi za milango ya nyuma, vitasa, taa za nyuma, mota ya wipa ya nyuma, klipu zote za buti. Lililogongwa nyuma ni kinyume chake, na kwangu ni bora zaidi, kwa sababu mbele ndiko kwenye relei, sensa na plagi nyingi. Ajali ni kifo cha ghafla, na viungo vya aliyekufa ghafla huwa bado vizima.

Gari lililokufa kwa uzee ni habari nyingine. Hapo hakuna kilichopona peke yake. Mwenye gari alishachoka kulitengeneza, akawa anapitisha miezi na dirisha lisiloshuka na honi inayolia ikitaka. Ukikuta swichi ya dirisha kwenye gari la namna hiyo, uwezekano kwamba ilikuwa na tatizo lile lile ulilo nalo ni mkubwa, kwa sababu swichi za aina moja huharibika kwa njia moja. Lile lililoletwa kwa sababu injini ilikufa ghafla, au gia boksi iligoma na gharama yake ikapita thamani ya gari, hilo nalipenda. Mwenyewe alilitunza mpaka siku ile.

Kisha kuna gari la mafuriko, na hapa nitakaa kidogo, maana linadanganya kuliko yote. Halina hata mkwaruzo. Bodi imenyooka, viti vizima, rangi safi, na mtu anayepita anaona hazina. Maji yakishaingia kwenye plagi hayatoki yote. Yanabaki kati ya pini na mpira, shaba inaanza kuoza, na miezi baadaye mgusano unakatika na kurudi bila mpangilio. Ya bahari ndiyo mabaya zaidi. Muuzaji anaweza asikwambie, au hata asijue, lakini gari lenyewe linasema. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa wa roli yake. Ule urefu ambao hakuna mtu anayeuvuta kila siku ndio unaobaki na tope na mstari wa maji. Inama uangalie chuma na springi chini ya kiti, kama zina kutu wakati bodi haina. Chungulia ndani ya lenzi za taa za mbele, mara nyingi kuna mstari mwembamba wa matope uliolala sawasawa taa zote mbili kwa urefu mmoja. Inua kona ya zulia. Ukikuta hata kimoja kati ya hivyo, vya plastiki tupu chukua, lakini chochote chenye waya kiache palepale hata ukipewa bure.

Lililoungua nalo litazamwe kwa jicho hilo. Moto wa mbele hufika mbali kuliko masizi yake. Plastiki iliyopikwa bila kuyeyuka inaonekana nzima, na inavunjika siku ya kwanza unapoifunga.

Kuna njia nyingine ya kulihoji gari, na watu wengi hawaijui ingawa imeandikwa mbele yao. Fungua kipande chochote cha plastiki kikubwa kidogo, kava la mlango au kifuniko cha boksi la fyuzi, ukigeuze nyuma. Sehemu fulani utakuta kiduara kidogo kilichochongwa, kina namba kuanzia 1 hadi 12 pembeni, na katikati mshale na tarakimu mbili. Mshale unaelekea kwenye mwezi, tarakimu ni mwaka. Ndiyo tarehe ambayo kipande kile kilimwagwa kwenye kalibu. Sasa linganisha na mwaka wa gari. Vipande vyote vikiwa vya miezi michache kabla ya gari kutoka kiwandani, gari hilo halijawahi kuguswa. Taa ya kushoto ikiwa ya miaka minne baadaye, basi liliwahi kupigwa upande ule likatengenezwa, na labda hiyo taa ndiyo kitu kipya kuliko vyote pale yadini. Nimewahi kuondoka na taa ya aina hiyo huku gari zima likidharauliwa na kila aliyepita.

Karibu na hicho kiduara kuna maandishi yaliyofungwa kwa mishale miwili: >PP<, >ABS<, >PA66-GF30<. Hiyo ni aina ya plastiki. Umoja wa Ulaya ulipopitisha sheria yake ya magari yaliyofika mwisho, mwaka 2000, ulilenga kwamba ifikapo 2015 asilimia 95 ya uzito wa kila gari lililokufa itumike tena au irejeshwe kwa njia nyingine, na alama za plastiki ziliwekwa ili wanaochambua wajue wanashika nini. Kwetu sisi wa klipu faida yake ni nyingine. Ukikuta PP, usihangaike na gundi ya kawaida, haishiki. Utaunga kwa joto. ABS gundi inaikubali. PA66-GF30 ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo kwa asilimia 30, ngumu, hustahimili joto la kwenye boneti, na sikio lake likivunjika kuliunga ni kujisumbua. Tafuta kipande kingine.

Namba ya spea ndiyo inayofuata. Piga picha namba iliyoko kwenye spea yako iliyoharibika, au bora zaidi nenda nayo mkononi. Namba za Toyota huandikwa tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine. Tano za kwanza zinataja aina ya kitu: 84820 ni swichi kuu ya madirisha iliyo kwenye mlango wa dereva, 89465 ni sensa ya oksijeni. Tano za pili zinataja ni ya gari gani au toleo gani. Kukiwa na alama mbili za ziada mwishoni, herufi au tarakimu, kwenye vitu vya ndani, hiyo mara nyingi ni rangi tu, na ukishakubali kuwa na kitufe cha kijivu kwenye mlango mweusi dunia inakufungukia. Volkswagen nao wana mafungu ya tatu tatu, na fungu la kwanza linasema kitu hicho kilibuniwa kwa ajili ya gari gani. 1K0 ni Golf ya kizazi cha tano, lakini utaikuta 1K0 ndani ya magari mengine mengi ya kundi lile, ya majina tofauti kabisa. Herufi za mwisho ni matoleo na marekebisho. Herufi ikitofautiana usiseme "ni kitu kile kile" mpaka uulize au uangalie katalogi.

Hapo ndipo mtafutaji wa vitu vidogo anapomshinda mtafutaji wa injini. Anayetaka injini anatafuta gari lake lile lile. Anayetaka swichi anaweza kuipata kwenye nusu ya magari ya kampuni ile yaliyotoka ndani ya miaka kumi, kwa sababu hakuna kiwanda kinachobuni upya kitasa cha kisanduku kila kinapobadilisha sura ya gari. Tena mara nyingi kampuni mbili zinazoshindana sokoni zinanunua kwa mtengenezaji mmoja. Denso au Bosch wakiwa wameweka namba yao wenyewe juu ya sensa, itafute kwa namba hiyo, usiitafute kwa jina la gari. Namba za Bosch za tarakimu kumi zinazoanza na 0 280 ni vitu vya mfumo wa mafuta, na sensa ya namba moja inaweza kuwa imevaa nembo za magari matatu.

Namba ya gari lenyewe pia iwe kwenye simu yako. Ile ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na haitumii herufi I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiona "O" kwenye karatasi, jua ni sifuri. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana hiyo ya 17, yana namba ya fremu fupi yenye kistari katikati, na upande wa kushoto wa kistari ndio modeli ambayo katalogi inaitaka. Kuitaja kwa jina la mtaani hakutoshi. Katikati ya mwaka mmoja kiwanda kinaweza kubadilisha plagi kutoka pini nne hadi sita na jina la gari likabaki lile lile.

Basi umelipata gari, umejua lilikufaje, namba zinakubaliana. Sasa kufungua.

Raha ya yadi unayojifungulia mwenyewe ni kwamba gari lililokufa ni mwalimu asiyekasirika. Kava la mlango la gari lako usingethubutu kulivuta kwa nguvu. La pale yadini unaweza kulivuta mpaka ujue klipu ziko wapi, zinaelekea upande gani, na skrubu iliyofichwa iko chini ya kifuniko kipi. Ukivunja klipu moja katika kujifunza, si hasara. Ukirudi kwako mikono inajua njia.

Chukua swichi ya madirisha ya dereva, kitu ninachokitafuta kuliko chochote. Katika magari mengi iko kwenye kidirisha chake cha plastiki, kile kibao kinachoishika, juu ya sehemu ya kuegemeza mkono. Nyuma ya kishikio cha kufungia mlango kuna kifuniko kidogo, unakiinua kwa ncha ya bisibisi nyembamba, chini yake kuna skrubu. Toa hiyo kwanza, ndipo uchomeke kijiko cha plastiki kwenye ukingo wa nyuma wa kidirisha. Nyuma, kwa kawaida, kwa sababu mbele mara nyingi kuna ndoano inayoingia chini ya kava. Kikiinuka kwa sauti ya tak, usivute. Chini kuna plagi, waya zake ni fupi. Bonyeza ulimi wa plagi kwa kidole gumba, sukuma plagi kwanza kidogo kuelekea ndani ili ulimi ulegee, kisha vuta, ukishika plagi yenyewe, si waya. Swichi ikiwa mkononi igeuze: imefungwa kwenye kidirisha kwa skrubu ndogo tatu au nne. Chukua na hizo skrubu. Nimeona watu wakichukua swichi na kuacha skrubu, kisha nyumbani wanaishika kwa gundi.

Kwenye gari la Kijapani la zamani kidogo, skrubu ya nyota isipokubali bisibisi yako ya nyota, angalia kama kichwani ina kidoti kidogo pembeni. Hiyo ni ya kipimo cha Kijapani cha JIS. Ncha ya Phillips, ile nyota ya kawaida, inaingia lakini haikai, inapanda na kusaga kichwa. Bisibisi ya JIS inaifungua kama haijawahi kukazwa, na inafungua Phillips pia, kwa hiyo ukinunua moja nunua hiyo. Begi langu lililobaki ni jepesi: soketi za kufungulia nati za 8, 10, 12 na 14, vijiko vya plastiki, Torx (bisibisi za nyota ya pembe sita) za T20 hadi T30, pleas ya mdomo mrefu, sumaku ya fimbo, taa ya kichwani, glovu, mifuko midogo ya plastiki na kalamu. Soketi ya 10 weka mbili. Anayejua anajua.

Plastiki ya gari lililokaa juani miaka inakuwa kavu, na klipu za upande uliopigwa jua zitakatika hata ukizibembeleza. Zunguka upande wa pili wa gari, au nenda kwenye lile lililoegeshwa chini ya kivuli cha jingine. Baridi nayo inavunja; kukiwa na baridi subiri jua lipashe plastiki kwanza, au beba maji ya moto kwenye chupa uyamwage taratibu kwenye kitambaa juu ya klipu. Inafanya tofauti kubwa.

Sasa plagi na soketi. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kununua yadini maisha yangu yote, nitachagua plagi zikiwa na waya zake. Soketi ya taa ya mbele iliyoungua ni ugonjwa wa kawaida: mgusano unalegea, unapata joto, plastiki inakuwa ya kahawia, mwisho inayeyuka. Unabadilisha balbu kila mwezi na tatizo si balbu. Dawa ni soketi nyingine, na ya yadini ina kitu ambacho zile za bei rahisi mpya hazina kila mara: waya wa unene ule ule wa kiwandani, na mpira wa kuzuia maji ulio sahihi.

Kabla ya kukata, ichomoe uchungulie ndani kwa taa. Rangi ya kijani ni shaba iliyooza, iache. Nyeusi au kahawia ni joto, iache. Pini iliyozama kuliko wenzake ni klipu yake ya ndani imekatika, iache pia. Kagua kama plagi ina kile kikufuli cha pili, mara nyingi cha rangi tofauti, chekundu au cheupe. Kikiwa kimepotea plagi itajichomoa kwa mtikisiko. Ikishinda mtihani huo, kata waya mbali na plagi, zaidi ya shubiri moja, hata kama unahitaji vidole vinne tu. Siku ya kuunga, kata kila waya kwa urefu tofauti ili viungo visikae mahali pamoja: kifungu kinabaki chembamba na viungo viwili haviwezi kugusana hata ganda la nje likichubuka. Mpira wa kusinyaa kwa joto uutangulize kwenye waya kabla ya kuunga. Piga picha ya mpangilio wa rangi ukiwa bado yadini, maana gari la mwaka tofauti linaweza kuwa na plagi ile ile na waya za rangi nyingine.

Relei ndizo rahisi kuzipima, na bado watu wananunua kwa kubahatisha. Zile za kawaida zina namba chini, karibu na miguu: 30, 85, 86, 87, na wakati mwingine 87a. Ni namba za mfumo wa Kijerumani wa DIN, na zimeenea hata kwenye relei zisizotoka Ujerumani. 85 na 86 ni koili, ule waya uliozungushwa unaovuta swichi ya ndani. Multimita, kile kipima umeme, ikiwekwa hapo kwenye relei ya volti 12 isome kitu kati ya omu 50 na 120 hivi. Ikisoma bila mwisho, koili imekatika. Ukiwa na betri ndogo ya volti 12, ipe umeme usikie inabofya. Hapo ndipo wengi wanapoishia, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu relei iliyochoka inabofya vizuri tu. Kinachokufa ni mgusano. Ikiwa imebofya, pima kati ya 30 na 87: isome karibu na sifuri. Ikipanda, au ikiyumba ukiigonga kwa kidole, irudishe. Ukiona mchoro wa dayodi (kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ubavuni mwake, zingatia 85 na 86 usizigeuze, na usibadilishane na isiyo na dayodi. Na ukiwa hapo kwenye boksi la fyuzi, fyuzi zenyewe achana nazo, mpya si shida kuzipata. Chukua kifuniko. Kifuniko cha boksi la fyuzi chenye mchoro wake kwa ndani ni kitu ambacho mafundi wazembe hukipoteza, na bila hicho unatafuta fyuzi ya redio kwa kuchomoa moja moja.

Vya kutonunua navipitia haraka, si kwa sababu si muhimu. Chochote cha mpira kinachobeba maji, mafuta au breki. Pedi, mkanda wa taimingi, sensa ya oksijeni, vyote hivi vina umri unaohesabika na wa kwenye gari lililokufa umeshaliwa. Mkanda wa kiti usiguse: mingi ina baruti ndogo ya kuukaza wakati wa ajali, inayofanya kazi mara moja tu, na huwezi kujua kama utepe umeshavutwa kwa nguvu ya mgongano. Eabegi vivyo hivyo, na hapa dunia ina somo kubwa. Vilipuzi vya Takata, kampuni ya Kijapani ya eabegi, vilivyotumia amonia naitreti viliharibika taratibu kwa joto na unyevu wa miaka, vingine vikalipuka vikirusha vipande vya chuma kwa dereva. Magari yaliyoitwa kurudishwa yalikuwa mamilioni mengi duniani, na kampuni iliomba kufilisiwa mwaka 2017. Eabegi ya yadini inaweza kuwa moja ya hizo, na kwa nje haina alama. Ukifungua kitu karibu na usukani ukaona plagi ya njano, kumbuka betri iwe imetolewa na umeme uliobaki uwe umepewa dakika kadhaa za kuisha. Kwenye gari la haibridi, kebo za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa, mara nyingi zaidi ya volti 200. Hizo hata glovu zako haziziwezi.

Kompyuta ya gari, dashibodi ya kilomita na kifaa kinachotambua ufunguo vimefungamana na gari lao. Vinaingia kwenye plagi, vinawaka, na gari haliwaki. Kama huna fundi wa programu, usinunue.

Kuhusu mazungumzo na wenye yadi, nina mengi ya kusema ila nitasema machache. Kuna kijana mmoja wa kufungua magari ambaye kila nikifika ananiuliza, "Bosi, leo tena klipu?" Namjibu, "Fundi, klipu ndizo zinazoshikilia gari." Anacheka, kisha ananionyesha lililoingia wiki ile kabla halijachambuliwa. Kitu kidogo kinauzwa kwa mazungumzo kuliko kwa orodha ya bei, kwa hiyo usikiweke mfukoni kimyakimya hata kama ni washa moja ya nati. Weka vyote juu ya kaunta kwa pamoja, na mwenye yadi mwenyewe atasema hivi vidogo chukua. Kinachoniudhi ni wateja wenzangu. Mtu anataka taa, anavunja bampa. Anataka redio, anakata waya zote za dashibodi kwa panga moja. Anaacha mlango wazi, mvua inanyesha, na swichi zote zilizokuwa nzima asubuhi zinageuka kuwa za mafuriko. Funga mlango bwana. Pandisha dirisha kwa mkono likikubali, rudisha skrubu usizozihitaji kwenye matundu yake. Anayekuja nyuma yako pengine ni wewe mwenyewe mwezi ujao.

Uliza pia kilikotoka. Yadi ya kweli inajua kila gari lilifikaje na inatoa risiti. Anayekuuzia saidi mira kutoka kwenye gunia bila gari la kukuonyesha, hata kama ni nzuri kiasi gani, mwachie gunia lake.

Na kabla hujalipa, mkubaliane kuhusu kurudisha. Vitu vya umeme yadi nyingi hazirudishi hela, zinabadilisha tu, na zingine hazibadilishi kabisa. Ni bora ulijue hilo kaunta kuliko ulijue na swichi mkononi siku ya tatu. Zinazobadilisha huwa zinachora alama ya rangi juu ya spea, mstari wa njano au mweupe, ili mtu asirudishe kibovu chake cha zamani akidai ndicho alichouziwa. Ukifika nyumbani usiisafishe alama hiyo. Puliza dawa ya kusafishia migusano kwenye pini, chomeka plagi kabla hujafunga hata skrubu moja, washa, shusha dirisha, pandisha, rudia mara kadhaa, acha kitu kikae siku chache kikifanya kazi yake. Rangi utaitoa baadaye kwa spiriti.